Kikatio na Kikatizo: Ubunifu wa Zana za Kukatia katika Roboti za Upasuaji

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi zana za kukatia zinavyobuniwa kwa ajili ya roboti za upasuaji zinazoongozwa na daktari asiyemgusa mgonjwa. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani na kutafuta makali, kwa kuwa chuma kikali kimekuwapo tangu jadi. Ugumu unatokana na kuhamishia ndani ya chombo yale ambayo mkono wa mpasuaji huyafanya bila kufikiri: kuhisi, kubana, na zaidi ya yote, kusita. Makala inaanza na uwanja wa kisemantiki wa vitenzi vya kukata katika Kiswahili, kisha inachambua kisu, mkasi, zana za joto na za mtetemo, pamoja na zana zinazofunga mshipa kabla ya kuukata. Mwishoni panapendekezwa istilahi mbili zitokanazo na mzizi mmoja, yaani kikatio na kikatizo.

1.0 UTANGULIZI

Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux na wenzake, wakiwa mjini New York, walikitoa kibofu cha nyongo cha mwanamke wa umri wa miaka 68 aliyekuwa amelazwa katika chumba cha upasuaji mjini Strasbourg, Ufaransa. Mikono ya madaktari ilikuwa Marekani, ilhali ncha za vyombo zilikuwa ndani ya tumbo la mgonjwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Roboti iliyotumika iliitwa ZEUS. Tukio hilo lilipewa jina la Operesheni Lindbergh, kwa kumkumbuka rubani aliyeivuka bahari hiyo peke yake mwaka 1927.

Aghalabu tukio hili husimuliwa kama habari ya umbali na mawasiliano. Hata hivyo, lipo swali lisiloulizwa mara kwa mara: pale mwisho wa safari ya amri, milimita chache kutoka kwenye mshipa wa damu, ni kitu gani hasa kilichokata, na kilijuaje mahali pa kukomea? Swali hili halihusu upasuaji wa kuvuka bahari pekee. Katika upasuaji mwingi wa roboti daktari huketi mita chache tu kutoka kwa mgonjwa, katika chumba kilekile. Lakini hata hapo mkono wake haugusi kisu. Baina ya vidole vyake na makali pana mota, nyaya, roda na programu za kompyuta. Kwa mtazamo wa mbunifu, mita tatu na kilomita elfu sita zina tatizo moja la msingi: mkono umetengana na makali.

Mwezi wa Julai 2000, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha mfumo wa da Vinci, uliotengenezwa na kampuni ya Intuitive Surgical, kwa upasuaji wa jumla wa kupitia matundu madogo. Tangu wakati huo zana za aina hii zimeenea katika hospitali nyingi duniani. Vyombo vingi vya mfumo huo vina kipenyo cha milimita 8, yaani unene unaokaribia ule wa kalamu ya kawaida. Katika unene huo mbunifu hutakiwa kuweka kifundo kinachopinda, mataya yanayofunguka, na makali yanayokata. Makala hii inaeleza namna anavyolitimiza jukumu hilo.

2.0 VITENZI VYA KUKATA NA NGUVU ZAKE

Mwanafunzi wa Kiswahili ana faida moja anapoingia katika mada hii. Lugha yenyewe imekwisha kuainisha njia za kukata. Kitenzi kata ni cha jumla, lakini chini yake pana ukoo mzima. Mkulima hufyeka nyasi na kupogoa matawi. Mvuvi humpasua samaki kabla ya kumwanika. Mganga wa jadi huchanja chale. Seremala hukereza mbao. Fundi wa nguo hukata kitambaa kwa mkasi. Vitenzi hivi si visawe. Kila kimoja kinabeba maelezo ya mwendo wa chombo na mwelekeo wa nguvu.

Anayefyeka hutegemea kasi: upanga huifikia nyasi kabla nyasi haijapata nafasi ya kuinama. Anayechanja huburuta ncha juu juu, nguvu ikiwa ndogo na mwendo ukiwa mrefu. Anayekereza huenda mbele na kurudi nyuma, kila mpito ukiondoa chembe chache. Anayepasua hufuata njia ambayo kitu chenyewe kinaelekea kuachana. Anayetumia mkasi huleta makali mawili yanayopishana, kila moja likiwa tegemeo la mwenzake. Mbunifu wa roboti hutumia kanuni hizihizi, ingawa katika kipimo cha milimita.

Pana tofauti nyingine ya kisarufi inayostahili kuzingatiwa. Katika mnyambuliko wa vitenzi, kauli ya kutendwa hutupa umbo katwa, na kauli ya kutendeka hutupa umbo katika. Tunaposema kwamba mshipa umekatwa, tunamaanisha kuwa yupo aliyeukata, hata kama hatajwi. Tunaposema kwamba mshipa umekatika, mtendaji hayupo katika picha, na jambo limetukia tu. Kazi nzima ya mbunifu wa zana za kukatia inaweza kuelezwa kwa tofauti hii: katika chumba cha upasuaji mshipa unaweza kukatwa, lakini haupaswi kamwe kukatika.

3.0 KISU: MAKALI MAMOJA BILA MKONO

Zana sahili kuliko zote ni kisu chenye makali mamoja. Usahili huo, hata hivyo, ni wa kuonekana kwa macho tu. Mfano wa jikoni unatosha kulieleza tatizo. Mtu anapoweka kisu butu juu ya nyanya iliyoiva na kukikandamiza, ngozi ya nyanya hubonyea kwanza. Nguvu huongezeka na nyanya huzidi kubonyea, kisha ghafla ngozi huachana na kisu huzama hadi kwenye ubao. Lakini akikivuta kisu kwa kukitelezesha, ngozi huachana mapema na kwa nguvu ndogo zaidi.

Tishu za mwili hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kukatika, tishu hunyumbuka na kuhifadhi nishati kama mpira unaovutwa. Ngozi yake inapoachana, nishati hiyo huachiliwa mara moja, na makali yaliyokuwa yakisukuma hujikuta hayana tena kizuizi mbele yake. Mkono wa daktari hulihisi badiliko hilo na kulegea upesi. Roboti isiyo na kihisi cha nguvu hailijui. Huendelea kutii amri ya mwisho iliyopewa.

Hapo ndipo muda unapokuwa sehemu ya ubunifu. Katika upasuaji wa Strasbourg, muda wa wastani kati ya mwendo wa mkono na kuonekana kwa matokeo yake kwenye skrini ulikuwa takriban milisekunde 155. Tuchukulie kwamba makali yanasogea kwa kasi ya milimita 20 kwa sekunde. Katika milisekunde 155 yatakuwa yamesogea milimita 3.1, na huo ni muda wa mawasiliano tu, kabla ya kuongeza muda ambao daktari anauhitaji ili aone, aamue na asimamishe mkono. Marescaux na wenzake waliukadiria ukomo wa ucheleweshaji unaokubalika kuwa milisekunde 330. Kwa kasi ileile, muda huo ni sawa na mwendo wa milimita 6.6. Mshipa wa damu wenye kipenyo cha namna hiyo si mdogo.

Wabunifu wana njia kadhaa za kukabiliana na hali hii. Ya kwanza ni kupunguza mwendo: programu huweza kuagizwa kwamba daktari akisogeza mkono milimita 5, ncha isogee milimita 1. Kwa uwiano huo, mwendo wa milimita 20 kwa sekunde wa mkono unakuwa milimita 4 kwa sekunde wa makali. Ya pili ni kuchuja mitetemeko midogo ya mkono wa binadamu kabla haijafika kwenye ncha. Ya tatu ni kupunguza matumizi ya kisu kitupu ndani ya mwili na kupendelea zana ambazo haziwezi kukata ila baada ya kitendo cha pili, kama vile kufunga mataya. Njia hii ya tatu ndiyo inayotupeleka kwenye mkasi.

4.0 MKASI: SIRI YA KIDOLE GUMBA

Mkasi ni chombo kinachodhaniwa kuwa kimeeleweka. Wengi huamini kwamba hukata kwa sababu makali yake mawili ni makali sana. Ukweli ni kwamba mkasi wenye makali ya wastani hukata vizuri iwapo bapa zake zinagusana, na mkasi mkali mno hushindwa iwapo bapa zimeachana. Zikiachana, kitambaa hakikatwi. Hujikunja na kuingia katikati ya bapa.

Mtu anayetumia mkono wa kushoto huifahamu kadhia hii tangu shule ya msingi. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Mkono huo unapofunga vipini, kidole gumba husukuma upande mmoja na vidole vingine huvuta upande wa pili, na msukumo huo mdogo wa ubavuni huzibana bapa pamoja. Mkono wa kushoto hufanya kinyume: huziachanisha. Kumbe basi, sehemu kubwa ya ukataji wa mkasi hufanywa na kidole gumba, wala hakuna anayefundishwa jambo hilo.

Roboti haina kidole gumba. Katika vyombo vya aina ya da Vinci, mataya huendeshwa na nyaya nyembamba, nyingi zikiwa za tungsteni, zinazozunguka roda, yaani vigurudumu vyenye mifuo ambamo waya hupita. Kila taya lina nyaya zake. Nyaya zikiyavuta mataya yote mawili kuelekea upande mmoja, kifundo hugeuka. Zikiyavuta kuelekeana, mataya hufunga. Kwa hiyo nyaya zilezile hutumika kuelekeza na kukata. Lakini nyaya hizi huzungusha tu, hazisukumi ubavuni. Msukumo ule wa kidole gumba hauna budi kuwekwa ndani ya chuma chenyewe. Mbunifu huzipinda bapa kidogo ili zikutane katika nukta moja inayosafiri kutoka kwenye egemeo hadi kwenye ncha kadiri mkasi unavyofunga, au huweka springi ndogo kwenye egemeo inayozibana bapa wakati wote. Mbano ukizidi, msuguano huzimaliza bapa na kula nguvu za nyaya. Ukipungua, tishu hutafunwa badala ya kukatwa.

Hesabu ndogo inabainisha ufinyu wa nafasi aliyo nayo mbunifu. Tuchukulie waya unaovutwa kwa nguvu ya niutoni 50 kuzunguka roda yenye nusu kipenyo cha milimita 2. Momenti ya nguvu inayopatikana ni niutoni mita 0.1. Umbali wa milimita 10 kutoka kwenye egemeo, nguvu ya kukata ni niutoni 10. Umbali wa milimita 4, nguvu hiyo ni niutoni 25. Hii ndiyo sababu mkasi hukata tishu ngumu kwa urahisi karibu na egemeo kuliko kwenye ncha. Kuongeza nusu kipenyo cha roda kungesaidia, lakini roda haiwezi kuzidi unene wa chombo. Kuongeza mvuto wa waya kungesaidia pia, lakini waya mwembamba unaokunjwa kwenye roda ndogo huchoka na nyuzi zake huanza kukatika moja baada ya nyingine.

Isitoshe, waya unapoteleza juu ya kona hupoteza nguvu. Iwapo kigezo cha msuguano ni 0.1 na waya umekunjwa kwa nyuzi 90, takriban asilimia 15 ya nguvu hupotea katika kona hiyo moja. Hasara huongezeka kadiri kifundo kinavyozidi kupinda, na kifundo hupindwa hasa pale ambapo ni vigumu kufikia. Kwa maneno mengine, mkasi hudhoofika mahali pale unapohitajika zaidi. Matumizi ya roda zinazozunguka badala ya kona zisizosogea yanapunguza tatizo hili bila kuliondoa. Kwa sababu ya uchovu wa nyaya na kuisha kwa makali, vyombo vingi vya aina hii hupewa idadi maalumu ya matumizi, na chombo chenyewe hubeba kumbukumbu ya mara ngapi kimetumika.

5.0 ZANA ZINAZOKATA KWA JOTO NA KWA MTETEMO

Kukata bila kuzuia damu ni nusu ya kazi. Damu kidogo tu inatosha kuifunika lenzi ya kamera na kumwacha daktari gizani. Kwa sababu hiyo mikasi mingi ya roboti hupitishiwa umeme wa masafa ya juu ambao hukausha mishipa midogo inapokatwa. Umeme hutoka kwenye bapa, hupita mwilini, na kurudi kupitia bamba lililobandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa.

Zana hii huleta swali la ulinzi. Chuma chote cha kifundo kina umeme, lakini ni bapa pekee zinazotakiwa kuutoa. Sehemu nyingine hufunikwa kwa ala isiyopitisha umeme. Ala hiyo ikipata ufa mdogo, cheche huweza kuruka kupitia ufa na kuunguza utumbo ulio pembeni, mahali ambapo kamera haijaelekezwa. Mwaka 2013 Intuitive Surgical ilitoa tahadhari kwa hospitali kuhusu nyufa ndogo mno zilizoweza kutokea katika aina moja ya mikasi yake ya umeme. Funzo kwa mbunifu ni bayana: jeraha hatari kuliko yote ni lile ambalo aliyelisababisha hajui kwamba limetokea.

Zana za mtetemo hufuata njia nyingine. Bapa moja hutetemeshwa mara 55,500 kwa sekunde, mwendo ukiwa mdogo kiasi cha kutoonekana, huku taya la pili likiibana tishu dhidi yake. Msuguano huzalisha joto linalogandisha protini na kuifunga mishipa, na papo hapo bapa huikata tishu. Huku ni kukereza kwa kasi isiyofikiwa na msumeno wowote, na hakuna umeme unaopita mwilini mwa mgonjwa. Hata hivyo, mtetemo husafiri kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha kupitia fimbo ya chuma, na fimbo hiyo sharti iwe imara na iliyonyooka. Ikipindwa, mtetemo huvurugika. Ndiyo maana zana za mtetemo zilizoundwa kwa ajili ya da Vinci zilikosa kifundo kinachopinda. Mbunifu alilazimika kuchagua kati ya makali bora na mwelekeo bora. Mfano huu unaonyesha kwamba katika uwanja huu kila sifa njema ina gharama yake.

6.0 KUFUNGA KABLA YA KUKATA

Kwa mishipa mikubwa zaidi hutumika zana zinazotenganisha kazi mbili waziwazi: kwanza kufunga, kisha kukata. Zana ya kwanza ya aina hii huubana mshipa kati ya mataya mawili na kupitisha umeme kati ya mataya hayo pekee. Joto na mbano huzifanya nyuzi za kolajeni katika kuta za mshipa ziungane. Mashine hupima ukinzani wa umeme katika tishu, ambao hubadilika kadiri tishu inavyokauka, na kwa kipimo hicho huamua wakati wa kukomesha joto. Ndipo wembe mdogo unaposukumwa kupitia mfuo ulio katikati ya mataya na kuigawa sehemu iliyofungwa. Mishipa yenye kipenyo cha hadi milimita 7 hufungwa kwa njia hii. Kigezo kinachotumiwa sana katika majaribio ni kwamba mfungo ustahimili shinikizo la milimita 360 za zebaki, yaani mara tatu ya shinikizo la kawaida la damu la milimita 120.

Zana ya pili hutumia pini za chuma. Asili yake ni ya zamani: daktari Hümér Hültl wa Budapest alianza kutumia mashine ya kupiga pini katika upasuaji wa tumbo mwaka 1908. Katika zana za kisasa, mataya huibana tishu, kisha kitelezi husonga mbele kikipiga safu za pini upande wa kulia na wa kushoto, huku wembe uliofungamanishwa nacho ukifuata nyuma na kukata katikati ya safu. Pande zote mbili za mkato hubaki zimeshonwa.

Jambo la kuzingatiwa ni mpangilio wa matukio. Wembe ukitangulia pini, utumbo hufunguka ndani ya tumbo. Wembe ukisonga wakati kibweta cha pini ni kitupu, matokeo ni yaleyale. Wembe ukisonga ilhali mataya hayajafunga sawasawa, pini hazitajikunja ipasavyo. Katika hali zote tatu wembe ulikuwa mkali na ulifanya kazi yake bila kasoro. Kilichokosekana ni kitu cha kuukataza.

7.0 KIKATIZO: UBUNIFU WA KUTOKATA

Ni kwa sababu hii ambapo sehemu kubwa ya akili ya mbunifu hutumika katika vizuizi. Katika zana ya pini, kibweta kipya hubeba kipande kidogo kinachousogeza wembe kwenye njia yake. Kibweta kilichokwisha kutumika, au kinachokosekana, huuacha wembe ukigonga ukingo wa chuma na kukwama. Hakuna programu inayohitajika. Umbo la chuma lenyewe linakataa. Katika zana ya kufunga mshipa, wembe hukaa nyuma ya mataya kama kisu ndani ya ala, na haupati njia mpaka mataya yafunge. Katika roboti nzima, vyombo havisogei iwapo uso wa daktari haupo mbele ya kioo cha kutazamia, na umeme hauwaki mpaka kanyagio la mguu likanyagwe. Umeme wa jengo ukikatika huku mataya yameibana tishu, upo ufunguo wa kuyafungua kwa mkono.

Pana kanuni mbili zinazojitokeza hapa. Ya kwanza ni kwamba kizuizi cha chuma kinaaminika kuliko kizuizi cha programu pale ambapo vyote viwili vinawezekana, maadamu chuma hakipokei amri yenye makosa. Ya pili ni kwamba hali ya pumziko ya chombo inapaswa kuwa hali salama: springi irudishe wembe nyuma, si mbele. Wahenga walisema kwamba tahadhari kabla ya hatari. Katika ubunifu wa vikatio, tahadhari si nasaha anayopewa mtumiaji. Ni sehemu ya chombo inayochongwa pamoja na makali.

Hisia ya mguso nayo ni kikatizo. Kwa zaidi ya miaka 20 tangu idhini ya mwaka 2000, wapasuaji waliotumia da Vinci walijifunza kukadiria nguvu kwa macho: tishu ikigeuka rangi au uzi ukinyooka kupita kiasi, walijua kwamba wamevuta mno. Mwezi wa Machi 2024 toleo la da Vinci 5 liliidhinishwa nchini Marekani, likiwa na vyombo maalumu vinavyopima nguvu kwenye tishu na kuirudisha kwenye vidole vya daktari. Lengo la hatua hiyo halikuwa kukipa chombo nguvu zaidi. Lilikuwa kumpa daktari sababu ya kusita.

Hapa ndipo msamiati wa Kiswahili unapotoa mchango wake. Kutokana na mzizi kat- tunapata katia, na kutoka hapo nomino kikatio, yaani chombo cha kukatia. Kutokana na mzizi uohuo tunapata katiza, yaani kukomesha jambo kabla halijakamilika, na kutoka hapo tunaweza kuunda nomino kikatizo, yaani sehemu ya chombo inayokomesha mkato usiotakiwa. Neno kizuizi lipo na linafaa kwa matumizi mapana, lakini kikatizo kinaeleza kwa usahihi zaidi kitu kinachofanya kazi dhidi ya kikatio. Jozi hii ina sifa zinazotakiwa katika uundaji wa istilahi: ni fupi, inafuata sarufi, na inakumbusha uhusiano wa dhana mbili kwa sura ya maneno yenyewe.

8.0 MADA HII KATIKA MAZINGIRA YA AFRIKA

Huenda ikadhaniwa kwamba mambo haya yako mbali na Afrika. Matukio ya karibuni yanaonyesha vinginevyo. Taasisi ya IRCAD ya Strasbourg, iliyoasisiwa na Marescaux yuleyule, ilifungua kituo chake cha mafunzo mjini Kigali, Rwanda, mwaka 2023. Mwezi wa Juni 2025, daktari Vipul Patel akiwa Orlando, Marekani, alimfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Angola kwa kutumia roboti iliyotengenezwa China. Umbali uliokuwa muujiza mwaka 2001 unaanza kuwa njia ya kumfikisha bingwa mahali asipoishi.

Hali hiyo inaongeza uzito wa maswali yaliyojadiliwa. Chombo chenye mianya mingi midogo huhifadhi damu na huwa kigumu kusafisha, hivyo huhitaji mitambo ya mvuke inayofanya kazi kila siku na maji safi yasiyokosekana. Chombo chenye idadi maalumu ya matumizi huhitaji bajeti inayojirudia, wala si msaada wa mara moja. Umeme unaokatika hugeuza ule ufunguo wa dharura kuwa kitu cha lazima. Mbunifu anayefikiria hospitali iliyo na kila kitu hujenga chombo tofauti na yule anayefikiria hospitali ya kaunti.

Suala la lugha ni la uzito uleule. Mgonjwa hutakiwa kutoa idhini kabla ya kupasuliwa. Mgonjwa wa Kitui au wa Lamu akiambiwa tu kwamba atapasuliwa na roboti, anaweza kudhani kwamba mashine itajiamulia. Akielezwa kwa Kiswahili fasaha kwamba daktari ndiye anayeongoza, kwamba kikatio hakisogei bila amri yake, na kwamba vipo vikatizo vinavyokizuia kukata kabla ya mshipa kufungwa, hapo atakuwa na jambo la kukubali au kukataa. Idhini isiyoeleweka si idhini.

9.0 HITIMISHO

Makala hii imeonyesha kwamba zana ya kukatia ya roboti ni jaribio la kuandika upya kazi ya mkono ndani ya chuma. Msukumo wa kidole gumba umekuwa mpindo wa bapa. Kusita kwa mkono kumekuwa ukingo unaoukwamisha wembe. Uzoefu wa daktari wa kufunga kabla ya kukata umekuwa mpangilio ambao kitelezi hakiwezi kuukiuka. Kila palipobuniwa kikatio pamehitajika kikatizo, na ubora wa zana hupimwa kwa vyote viwili.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa uhandisi na utabibu katika kuunda istilahi za nyanja hii mapema, kabla vyombo havijaenea bila majina. Msingi upo tayari katika lugha. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu hali kadhalika. Kwa hiyo maneno ya kuonya, kueleza na kuombea idhini yanapaswa kuwapo kabla ya makali kufika.